Kununua silaha ya kushindilia ya nakala mtandaoni Marekani: anza na namna inavyolishwa

Bastola mbili za Colt, ya 1851 na ya 1873, zikilazwa juu ya meza moja, asiyezoea atadhani ni pacha: mpini uleule wa mbao uliopinda, nyundo ileile, silinda ileile ya matundu sita. Kwa sheria ya shirikisho ya Marekani ni vitu viwili mbali kabisa. Ya 1851 hushindiliwa: baruti na risasi huingia kwa mbele ya silinda, fataki, yaani kikofia kidogo kinachowasha baruti kikigongwa, huvishwa nyuma yake. Ya 1873 hula viasi, yaani risasi na baruti zilizokwisha fungwa pamoja ndani ya ganda. Nakala ya ile ya kwanza yaweza kuletwa na gari la vifurushi hadi mlangoni. Nakala ya ile ya pili lazima ipitie kwa muuzaji mwenye leseni, mnunuzi ajaze fomu na kumbukumbu zake zichunguzwe, hata kama zote mbili zimetoka kiwanda kimoja cha Italia na zimewekwa ukurasa mmoja. Basi swali la kwanza si sura wala bei. Ni: silaha hii inalishwaje?

Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya 1968 inahesabu kuwa ya kale silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, pamoja na nakala yake isiyopokea viasi vya kawaida. Magobori ya baruti nyeusi yamo pia, mradi hayakujengwa juu ya fremu (kiunzi kikuu) ya bunduki ya kisasa wala hayageuziki kirahisi kwa kubadili mtutu. Kipengele hiki cha mwisho huwanasa wengi: kuna bunduki za kisasa za kuwindia kulungu ambazo hushindiliwa kwa mdomo, lakini fremu yake hukubali pia mitutu ya viasi. Hiyo ni bunduki kamili mbele ya sheria, na haiji nyumbani kwa kifurushi.

Kisha jimbo lina sheria zake, na mara nyingine mji pia. New Jersey inaihesabu bastola ya kushindilia kuwa silaha inayodai kibali, na maduka mengi hayatumi huko kabisa. Fungua ukurasa wa usafirishaji wa duka na utafute jina la jimbo lako kabla hujachagua chochote, halafu usome sheria ya jimbo yenyewe, kwa kuwa duka likikosea, atakayeulizwa na polisi ni wewe. Aliyewahi kuhukumiwa kwa kosa linalomzuia kumiliki silaha asidhani neno "ya kale" linamwokoa. Majimbo mengi yanamzuia vilevile. Duka litadai uwe na umri wa miaka 18 au 21, na mara nyingi msafirishaji hataacha kifurushi bila sahihi ya mtu mzima.

Walioko Ulaya wasifuate mlango huu wa Kimarekani. Uingereza hudai cheti cha polisi hata kwa nakala inayopiga ya gumegume, ile inayowashwa na cheche za jiwe. Ujerumani humwachia mtu mzima anunue ya fataki yenye mtutu mmoja na mlio mmoja, lakini bastola ya silinda yahitaji kibali, na baruti ina kibali chake peke yake. Na mtu asiweke gobori katika kontena la kwenda Mombasa au Dar es Salaam eti ni pambo. Huko silaha ya moto huingia kwa kibali kilichotolewa mapema, na forodha haitajali kwamba sura yake ni ya mwaka 1851.

Sasa kuchagua. Kosa linalojirudia ni kununua bastola yenye fremu ya shaba ya manjano kwa sababu inang'aa na ni rahisi. Shaba ni laini kuliko feleji. Mhimili ambao silinda huzunguka juu yake umekazwa ndani ya fremu hiyo, na kila mlio huuvuta mbele kidogo. Baada ya milio mingi ya kipimo kamili cha baruti, mhimili hulegea, nafasi kati ya silinda na mtutu hupanuka, na nyuma ya silinda hujichora alama kwenye shaba. Hakuna fundi atakayeirekebisha kwa bei inayolingana na bastola yenyewe. Fremu ya shaba ni ya kutundika, au ya kupiga kwa kipimo kidogo. Anayetaka kupiga kila mwezi aongeze dola chache achukue feleji.

Tena, "1851 Navy" ya shaba yenye kaliba (upana wa mtutu kwa inchi) ya .44 haikuwahi kuwako. Colt wenyewe waliitengeneza kwa kaliba .36 na fremu ya chuma. Walioiga kwa fremu ya shaba walikuwa Griswold na Gunnison wa Georgia, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kwa uhaba wa chuma, na yao pia ilikuwa .36. Kama unainunua kwa ajili ya maonyesho ya kihistoria, wakaguzi wa kikundi watakurudisha nyumbani. Vivyo hivyo na ile iitwayo "Remington 1858": 1858 ni mwaka wa hataza tu, na bastola inayoigwa na nakala nyingi ilianza kutoka mwaka 1863. Ila kwa anayeanza, hii Remington ndiyo ningemwelekeza. Fremu yake imefunga juu ya silinda, haina kabari ya kushika mtutu, na silinda hutoka kwa kuvuta pini moja.

Watengenezaji wa kutegemewa wako karibu wote katika mkoa mmoja wa Italia, Brescia. Uberti na Pedersoli wapo Gardone Val Trompia, Pietta yupo Gussago. Pedersoli ndiye wa magobori marefu: Brown Bess ya Kiingereza, Charleville ya Kifaransa, na mengine ya gumegume. Uberti na Pietta ni wa bastola. Maduka ya Marekani huziuza kwa majina ya waagizaji kama Cimarron au Taylor's, kwa hiyo tafuta jina la kiwanda ndani ya maelezo. Bastola ileile inaweza kutofautiana bei kwa jina la mwagizaji tu.

Kila silaha ya kupiga iliyotoka Italia imepitia nyumba ya majaribio ya Gardone na ina mihuri yake. Omba picha ya mihuri kama ni bidhaa iliyotumika. Ndani ya kisanduku kidogo kuna herufi mbili za mwaka: AA ni 1975, BN ni 2000, CA ni 2006. Herufi PN humaanisha imejaribiwa kwa baruti nyeusi. Hizi herufi zina thamani kubwa kuliko maneno "kama mpya" ya muuzaji, kwa sababu humwezesha mnunuzi kujua kama anauziwa bastola ya miaka thelathini kwa bei ya mwaka jana.

Kuna pia magobori ya India yanayouzwa kwa nusu ya bei ya Pedersoli au chini. Mengi huja bila tundu la moto, yaani hayajatobolewa pale cheche inapoingia kwenye mtutu, na bila muhuri wa majaribio. Yameuzwa kama mapambo. Watu huyatoboa wenyewe kwa drili nyumbani kisha hushindilia baruti kwenye mtutu ambao hakuna aliyeujaribu. Usifanye hivyo. Na anayetaka kitu cha ukutani au cha jukwaani tu, Denix wa kisiwa cha Menorca, Hispania, hutengeneza nakala za madini mepesi zisizoweza kupiga kabisa, kwa bei ndogo.

Maduka ya uongo ni mengi katika biashara hii. Dalili ni zilezile: bei chini kwa theluthi, kila kitu kipo hata kinachokosekana kote, malipo kwa kadi za zawadi, sarafu za kidijitali au kutuma pesa moja kwa moja. Chukua jina la duka ulitafute katika orodha ya wauzaji kwenye ukurasa wa mwagizaji. Lipo? Piga simu, uliza kaliba na mtengenezaji wa bidhaa fulani. Muuzaji wa kweli hujibu papo hapo. Lipa kwa kadi ya mkopo, maana benki yaweza kuirudisha fedha.

Vifaa usiviagize siku ileile kwa kubahatisha. Risasi ya mviringo lazima iwe pana kidogo kuliko chumba cha silinda, ili ikishindiliwa ikatwe pete nyembamba na kuziba. Kwa .36 ni inchi .375 au .380, kwa.44 ni .451 au .454. Kitabu cha mtengenezaji kitasema ipi. Risasi isiyokatwa pete hulegea na kusogea mbele silinda inapozunguka. Fataki ni namba 10 au 11 kulingana na chuchu za bastola yako, yaani vijibomba vya nyuma ya silinda vinavyovishwa fataki. Likiwa pana huanguka na kuziba mtambo. Likiwa dogo haliketi, nyundo hulisukuma tu, na mlio wa kwanza haupigi.

Baruti ni FFFg, ya chembe ndogo, kwa bastola, na FFg, ya chembe kubwa zaidi, kwa magobori ya kaliba kubwa. Baruti nyeusi halisi na fataki zote husafirishwa kama shehena ya hatari kwa ada ya ziada, ndiyo maana watu huungana na kuagiza pamoja. Mbadala huuzwa pia, lakini Triple Seven ina nguvu zaidi ya baruti nyeusi kwa takriban asilimia 15 kwa ujazo uleule, kwa hiyo kipimo hupunguzwa. Baruti isiyo na moshi, ya viasi vya kisasa, haiingii humu hata chembe. Hupandisha shinikizo ambalo mtutu huu haukujengewa, na hupasuka mkononi.

Kifurushi kikifika, fungua siku hiyohiyo. Maduka mengi hupokea marudisho kwa siku chache tu, na kwa sharti moja: isiwe imepigwa. Fataki moja tu likiacha masizi kwenye chuchu, hoja imekwisha. Futa mafuta ya kiwandani, hakikisha vyumba vyote ni vitupu, kisha uanze ukaguzi.

Vuta nyundo polepole sana. Kilimi kinachofunga silinda kiingie kwenye kikato chake kabla nyundo haijakamata, au wakati uleule. Kikichelewa, chumba hakilingani na mtutu, na risasi itanyolewa kandoni wakati wa kupiga. Rudia kwa vyumba vyote sita, kwa kuwa kosa mara nyingi liko kwenye kimoja. Usiachie nyundo ipige chuchu tupu. Chuchu hupondeka kama kichwa cha msumari, halafu fataki halivai tena.

Kwa Colt, kagua kabari. Uberti wanajulikana kwa mhimili mfupi usiofika mwisho wa tundu lake kwenye mtutu. Toa mtutu, uuvishe tena ukiwa umegeuzwa upande hadi mhimili ugote. Kama sehemu ya chini ya mtutu inapita uso wa fremu, mhimili ni mfupi. Matokeo yake, kabari ikigongwa kwa nguvu huuvuta mtutu mpaka ubane silinda. Ikigongwa kidogo, pengo hupanuka. Pengo zuri ni milimita 0.1 hadi 0.25, upime kwa bapa za kupimia. Fundi hutatua kwa kuweka kipande cha chuma ndani ya tundu, na wengi hukubali kasoro hii ilhali sehemu nyingine ni safi. Ila uijue kabla ya siku za marudisho kwisha.

Kwa gumegume, jaribu bamba la feleji ambalo jiwe hulipiga. Pitisha tupa taratibu kwenye ukingo wake: ikiteleza, bamba limeiva, ikikamata na kukwangua, ni laini na cheche zitakuwa hafifu. Angalia pia tundu la moto kama liko usawa wa ukingo wa juu wa kisahani cha baruti. Likizama chini hufunikwa na baruti, na moto hukawia kabla ya kufika ndani. Mdeki, yaani fimbo ya kushindilia, ushushe ndani ya mtutu mtupu, uweke alama, ulinganishe na urefu wa nje hadi kizibo cha nyuma. Usipofika mwisho, kuna kitu humo ndani, na hilo ni la kumwonyesha muuzaji kwa picha jioni hiyohiyo, pamoja na namba ya silaha, kabla ya kufunga boksi kwa mkanda na kuomba lebo ya marudisho.