Umetolewa kivimbe kwenye nyuzi za sauti? Soma kabla hujarudi kupiga kelele

Mi ni mwalimu wa darasa la pili, watoto 90 na ushee chumba kimoja. Nilitolewa polipu kooni, yaani kivimbe laini kwenye nyuzi za sauti, miezi minane mbele sauti ikaanza kukwaruza upya, wakapitisha kamera puani, kumbe kamerudi kalekale.

Kwanza kabisa, muulize daktari alitoa nini, maana kila kimoja kinarudi kwa njia yake. Vinundu na polipu chanzo kikubwa ni makelele, mwanamke akiongea kawaida tu nyuzi zinagongana kama mara 200 kwa sekunde, sasa ukipaza zinagongana kwa nguvu palepale ulipokatwa. Nyuzi zikivimba kama zimejaa maji, hiyo mara nyingi ni sigara, na ukiendelea kuvuta zitavimba tena. Granuloma, yaani kinyama kinachoota penye kidonda, inapenda kuletwa na asidi ya tumboni ikipanda kooni. Papiloma, vijinyama kama chunjua, inaletwa na virusi vya HPV, hasa aina ya 6 na 11, vinabaki kwenye nyama hata ukikatwa vizuri, kwa hiyo hiyo ikirudi usijilaumu.

Baada ya oparesheni nyamaza. Siku ngapi atakwambia daktari wako, wengi wanatoa kati ya 3 na 7. Na kunong'ona hamna! Mi nilinong'ona wiki nzima nikajiona mjanja, kumbe nazikamua nyuzi zenye kidonda. Andika kwenye simu. Ile ehem ehem ya kusafisha koo nayo acha, piga funda la maji umeze.

Usiku usishindilie ugali saa nne halafu ukalale, acha masaa 3 yapite, na kitanda weka tofali chini ya miguu ya upande wa kichwani. Asidi inafika kooni hata kama kifua hakiungui, ndo maana watu wanabisha.

Halafu mazoezi ya sauti kwa mtaalamu wa tiba ya usemi, hapa ndo wengi tunaruka, tunaona tumeshapona. Mi nafundishwa kutoa mlio wa "uuu" kupitia mrija wa soda uliochovywa kwenye glasi ya maji, mapovu yanatoka, wanangu wananicheka. Darasani nina kengele na kaspika ka kuvaa kiunoni, sipazi tena.

Ukikwaruza zaidi ya wiki 3, rudi kwenye kamera, na kama unavuta sigara usisubiri hata hizo, maana sio kila kinachorudi ni polipu.