Jangwa kwanza, kisiwa baadaye

Mkipanga kuwapeleka watoto Oman, msiende Juni hadi Agosti: jangwani jua halina mchezo, na kisiwani Masirah kusi huvuma kwa nguvu. Nendeni kati ya Novemba na Februari. Anzeni na jangwa la mchanga la Sharqiya, mlale kambini usiku mmoja tu (wa pili watoto washachoka na mchanga masikioni), halafu mteremke hadi Shannah kupanda feri ya Masirah. Mji wa Bidiyah, ukingoni mwa jangwa hilo, ndipo pa kujaza mafuta na kupunguza upepo wa matairi kabla ya kuingia mchangani. Na masweta msisahau! Usiku wa jangwani una baridi. Sisi tulilala tumejifunika taulo za kuogelea.