Kupima kichocho cha tumbo kwa Kato-Katz: mwongozo kwa anayeanza kazi ya maabara kandokando ya Ziwa Victoria

Hapa Mwanza, kuanzia Mwaloni Kirumba hadi Igombe na Kayenze, ukivuka kwenda Sengerema au visiwa vya Ukerewe, kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kila siku. Ziwa ndilo linalotupa dagaa na sangara, ndiko tunakochota maji na kufulia, na pembezoni mwake ndimo wanamoishi konokono wa jamii ya Biomphalaria wanaokuza vimelea vya Schistosoma mansoni. Lava hutoka kwa konokono na kupenya ngozi ya aliyeingia majini. Minyoo ikikomaa hukaa kwenye mishipa midogo ya damu ya utumbo na kutaga. Sehemu ya mayai hutoka na choo. Yanayobaki hunasa kwenye utumbo na ini, na hayo ndiyo yanayomuumiza mgonjwa. Sisi wa maabara tunayafuata yale yanayotoka.

Njia ya Kato-Katz ilianzia Japani, ambako Kato na Miura waliieleza mwaka 1954. Mwaka 1972 Katz na wenzake wa Brazil waliiboresha, ikawa ya kuhesabia mayai na si kuyaona tu. Vifaa vyake ni vya bei nafuu na unaweza kuvifungua kwenye meza ya darasa la shule ya kijijini. Ila urahisi huo unawadanganya wengi. Namba utakayoiandika huharibika mapema, kabla hujaketi kwenye hadubini, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hatua za mwanzo.

1. Loweka selofani siku moja kabla

Changanya mililita 100 za gliserini na mililita 100 za maji yaliyokenekwa, kisha ongeza mililita 1 ya rangi ya kijani ya malakaiti yenye nguvu ya asilimia 3. Kata selofani vipande vinavyoifunika slaidi vizuri, milimita 25 kwa 30 hivi, uvitumbukize na kuviacha angalau saa 24. Gliserini ndiyo inayong'arisha choo hadi mayai yaonekane. Rangi hulipumzisha jicho. Kipande kilicholowekwa asubuhi ya kazi hakifai.

2. Pokea sampuli kwa heshima

Mpe mtu kontena safi, kavu, lenye mfuniko, na namba iandikwe kwenye kontena lenyewe. Mfuniko hubadilishana na mwenzake mezani, ukiuandika peke yake umepoteza wagonjwa wawili. Ongea na watu kwa lugha yao ya staha: "Mama, naomba choo kikubwa cha leo asubuhi, kiasi cha kichwa cha kidole gumba kinatosha. Kisichanganyike na mkojo wala mchanga." Kwa mtoto wa shule, mzazi awe ameridhia kwanza, na mtoto mwenyewe aulizwe akubali. Mvuvi aliyelala ziwani na karabai zake usimwamshe saa mbili asubuhi. Panga kumpokea mchana.

Ukipokea, andika hali ya choo: kigumu, laini, cha majimaji, chenye damu. Cha majimaji hakipimwi kwa njia hii, maana hakikai kwenye tundu. Mwombe mtu alete kingine siku nyingine. Usitumie sampuli iliyotiwa formalini. Tengeneza slaidi siku hiyohiyo, na kama kuna safari ya boti mbele yako, weka makontena kwenye kasha lenye barafu, mbali na jua.

3. Chuja

Vaa glavu. Tandaza karatasi mezani, weka choo kidogo juu yake, kisha kandamiza chujio la nailoni au la chuma juu ya choo hadi kipenye na kutokea upande wa juu. Kwangua kinachopenya kwa kijiti bapa. Nyuzi za mboga, mbegu na mchanga vinabaki chini.

Kabla ya kuchuja, koroga sampuli yote. Mayai ya kichocho hayasambai sawasawa ndani ya choo; upande mmoja unaweza kuwa na mengi na mwingine usiwe na hata moja. Nawaona vijana wengi wakidonoa juujuu kwa sababu ya harufu. Naielewa harufu, lakini mgonjwa hakuleta kontena ili tudonoe.

4. Jaza tundu

Hapa ndipo hesabu yote inaposimama au kuanguka. Weka kibao cha kupimia katikati ya slaidi. Kile kinachotumika zaidi kina unene wa milimita 1.5 na tundu la kipenyo cha milimita 6, na kikijaa sawasawa hubeba miligramu 41.7 za choo. Jaza kwa kijiti ukianzia pembeni ya tundu kuelekea kati, ukikandamiza kidogo ili hewa itoke. Kisha pitisha ubapa wa kijiti juu mara moja ili kilichozidi kiondoke na uso ubaki sawa na kibao. Nyanyua kibao wima, taratibu. Choo kibaki kimesimama kwenye slaidi kama kitumbua kidogo, bila kipande kilichong'ang'ania kwenye tundu.

Tundu lenye kiputo cha hewa limepunguza mayai, na tundu lililofurika limeyaongeza. Kwa kuwa baadaye utazidisha kwa 24 ili kupata mayai ya gramu nzima, kila yai moja lililopotea hapa linaondoka na wenzake 23 kwenye ripoti. Ukiona tundu halikujaa, futa slaidi urudie. Choo kipo, na kurudia ni dakika moja.

Angalia pia kibao chenyewe. Vipo vya miligramu 50 na vya miligramu 20, na kizidishio chake ni 20 na 50 mtawalia. Aina mbili zikichanganyika kwenye sanduku moja, hakuna atakayezitenganisha kwenye daftari.

5. Funika na kandamiza

Weka selofani juu, futa gliserini iliyozidi, geuza slaidi kifudifudi juu ya kigae au slaidi nyingine, kisha kandamiza kwa nguvu iliyo sawa mpaka choo kitandae duara jembamba. Ukiweka slaidi juu ya gazeti, herufi zisomeke kupitia choo. Usiinyanyue wima, iteleze kando, la sivyo selofani itabanduka. Kutoka kila sampuli tengeneza slaidi mbili, A na B.

6. Saa ya kusoma

Mayai ya safura yana ganda laini, na gliserini huyafuta yasionekane tena. Kama kazi yako inahusu minyoo yote, soma safura ndani ya dakika 30 hadi 60 tangu slaidi itengenezwe, na kwenye joto la mchana wa Mwanza mimi huanza mapema zaidi. Ndiyo maana naandika saa kwenye kila slaidi, na sitengenezi slaidi nyingi kuliko zile ambazo wasomaji waliopo wanaweza kuzimaliza kwa wakati. Slaidi hamsini zikisubiri msomaji mmoja, safura zote zitaandikwa sifuri, na kijiji kitaonekana kimepona.

Kichocho hakina haraka hiyo. Iache slaidi saa moja au zaidi ing'ae, isome ndani ya saa 24. Siku ya mawingu inachelewa. Dakika chache juani huisaidia.

7. Soma slaidi yote

Tumia lenzi ya 10, anza kona moja, nenda na kurudi mstari kwa mstari hadi duara lote liishe. Usiishie yai la kwanza, maana unahesabu. Yai la Schistosoma mansoni ni kubwa, refu la mikromita 114 hadi 180, lina rangi ya manjano-kahawia na mwiba ubavuni. Wakati mwingine limelala mwiba ukiwa chini; gonga selofani kidogo, litageuka. La safura ni jembamba ganda, angavu, na chembe chache ndani. La minyoo mjeledi lina vizibo ncha zote mbili. La minyoo ya mviringo lina ganda nene lenye vinundu. Kila aina na kihesabio chake.

8. Piga hesabu

Tuseme A ina mayai 7 na B ina 12. Wastani ni 9.5, mara 24 unapata mayai 228 kwa gramu. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, kichocho cha tumbo kati ya 1 na 99 ni chepesi, 100 hadi 399 ni cha kati, 400 na kuendelea ni kizito. Huyu ni wa kati.

Sasa sifuri. Mtu mwenye mayai 10 kwa gramu, slaidi yake moja itabeba kwa wastani chini ya nusu ya yai. Hata ukikoroga na kujaza vizuri kabisa, takribani slaidi mbili kati ya tatu zitatoka tupu, naye anao minyoo. Tena utoaji wa mayai hubadilika siku hadi siku. Kwa hiyo kwenye utafiti omba sampuli za siku mbili au tatu, na kwenye fomu andika "hakuna mayai yaliyoonekana". Usiandike "hana kichocho". Kato-Katz haikukupa ruhusa hiyo. Pale maambukizi mengi ni mepesi, kipimo cha mkojo cha CCA, kinachotafuta vitu vinavyotolewa na minyoo badala ya mayai, kinawanasa watu wengi ambao slaidi zinawakosa.

9. Msomaji wa pili

Slaidi moja kati ya kila kumi isomwe upya na mtu mwingine asiyejua jibu la kwanza. Mmoja akiona mayai na mwingine asione, kaeni wote kwenye slaidi hiyo mkubaliane kabla siku haijaisha.

10. Usafi na majibu

Karatasi, vijiti na glavu huchomwa. Vibao na machujio loweka kwenye dawa ya klorini, sugua kwa sabuni na brashi, suuza, kisha angalia tundu na wavu kwenye mwanga: yai lililobaki leo litahesabiwa kesho kwa mtu asiyehusika. Mabaki ya choo yaende kwenye choo cha shimo, kamwe yasimwagwe ziwani wala kwenye mfereji unaoelekea ziwani, maana mayai yakigusa maji huanguliwa na kuwatafuta konokono.

Orodha ya waliokutwa na mayai mpe mganga wa kituo siku hiyohiyo, yenye namba, jina na uzito wa kila mmoja, kwa sababu dawa ya kichocho, prazikwanteli, hutolewa miligramu 40 kwa kila kilo. Waambie watu wale kwanza kabla ya kumeza.