Umefilisika Marekani? Mkopo wa nyumba wa FHA bado unawezekana

Watu wetu wengi Marekani huamini kwamba ukishatangaza kufilisika, nyumba uisahau kwa miaka 10. Hiyo 10 ni miaka ambayo Chapta 7, moja ya aina za kufilisika, inaweza kubaki kwenye ripoti yako ya kredi. Mkopo unaodhaminiwa na serikali kupitia FHA, idara yake ya mikopo ya nyumba, una hesabu yake.

Kwa Chapta 7, inayokufutia madeni, FHA inataka ipite miaka 2 tangu mahakama ilipotoa hati ya kukufutia, si tangu ulipofungua kesi. Itunze hati hiyo, maana tarehe yake ndiyo itakayoangaliwa. Ukithibitisha kwamba kilichokuangusha kilikuzidi uwezo, mathalani ugonjwa mzito, na tangu hapo umejirekebisha, muda unaweza kupungua hadi miezi 12. Mkopo wa USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani, kwa nyumba za vijijini, unataka miaka 3.

Chapta 13 ni mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5. Huna haja ya kuumaliza: ukilipa miezi 12 bila kuchelewa, na mahakama ikakupa ruhusa ya maandishi, unaweza kuomba mkopo. Kianzio cha mkopo wa FHA ni asilimia 3.5 ya bei ya nyumba kwa mwenye alama 580 za kredi au zaidi. Chini ya hapo hadi 500, ni asilimia 10.

Kama nyumba unayo tayari, kufungua kesi kwa kawaida husimamisha mnada papo hapo. Lakini usidanganyike: Chapta 7 inafuta deni lililo juu yako, haifuti haki ya benki juu ya nyumba. Usipolipa, itanadiwa, na hapo FHA itakusubirisha miaka 3. Mwenye malimbikizo anayetaka kubaki na nyumba yake hufaa zaidi Chapta 13.

Tangu tarehe 25 Mei 2025, mwenye visa ya kazi hapati tena mkopo mpya wa FHA, hata kredi yake iwe safi namna gani. Kwetu sisi ni raia na wenye green card tu.

Sasa tuje kwenye kiwanja cha nyumbani, maana hapa ndipo wengi wetu wanapojichongea. Fomu za mahakama zinataka utaje mali yako yote, popote ilipo duniani. Kiwanja cha Kigamboni, nyumba ya Kitengela anamokaa mama lakini hati ina jina lako, akiba ya sacco, hata zamu ya upatu ambayo hujapokea. "Watajuaje?" Mfilisi, yaani msimamizi aliyeteuliwa kusimamia kesi yako, anakuhoji ukiwa umekula kiapo, na anaweza kudai taarifa zako za benki, ambamo pesa za fundi zinaonekana mwezi baada ya mwezi. Kumwandikisha mdogo wako kiwanja haraka haraka hakusaidii. Sheria inamruhusu mfilisi kurudi nyuma angalau miaka 2 na kutengua uhamisho kama huo. Ukimlipa kwanza shemeji anayekudai, ndani ya mwaka mmoja kabla ya kesi, anaweza kudaiwa azirudishe pesa hizo. Kuficha mali kwa makusudi ni jinai yenye kifungo cha hadi miaka 5, na kwa asiye raia kesi ya namna hiyo inagusa hata makaratasi ya uhamiaji.

Kwa hiyo mtajie wakili kiwanja siku ya kwanza. Mara nyingi ndicho kitakachoamua kama mfungue Chapta 7, ambayo inaweza kukiuza, au 13, ambayo inakuachia ukilipia thamani yake.