Tafuta saa yako kwanza, kitabu cha ibada baadaye

Kila Novemba akina mama wadogo wa kundi letu la maombi hapa Kisauni, Mombasa, huniuliza, "Mama, mwaka ujao tununue kitabu gani cha ibada?" Nami huwarudishia swali: ni saa ngapi kwako ambapo hakuna anayekuita? Ukishalijibu hilo kwa ukweli, kuchagua kitabu ni kazi ndogo. Usipolijibu, hata kitabu kizuri kitalala kabatini.

Mimi nauza mahamri na mbaazi karibu na Kengeleni. Saa tisa usiku nakanda unga kwa tui, sukari, iliki na hamira, naufunika, nauacha uumuke. Muda huo wa kungoja unga ndio wangu na Mungu. Adhana ya alfajiri ikisikika mimi niko kwenye karai, na tangu hapo hadi saa nne asubuhi sina mkono mkavu wa kufungua ukurasa. Kwa hiyo kitabu kinachogawa ibada mara mbili, asubuhi na jioni, hakinifai, hata kiwe kimeandikwa na nani. Jioni nachambua mbaazi na macho yamechoka.

Wewe nawe pima maisha yako hivyo hivyo. Kijana anayevuka Likoni kila siku asipange kusoma akiwa kwenye feri. Watu wamebanana, na simu mkononi pale si salama. Ila anaweza kusikiliza, simu ikiwa mfukoni. Anayefanya kazi kwa zamu bandarini, wiki hii mchana na wiki ijayo usiku, asinunue kitabu chenye tarehe. Achukue kilichoandikwa Siku ya 1, Siku ya 2, kisichomdai lolote akipitwa. Vitabu vya tarehe navipenda kwa watu wanaosoma pamoja, mume na mke au kundi zima, kwa sababu wote wanakuwa ukurasa mmoja na wanaweza kuulizana.

Ukishajua una dakika ngapi, fanya hesabu. Biblia ya Kiprotestanti ina vitabu 66 na sura 1,189. Sura 929 ni za Agano la Kale na 260 za Agano Jipya. Kuimaliza kwa mwaka ni sura tatu kila siku na tano Jumapili. Kwa msomaji wa kawaida hiyo ni kama dakika ishirini, na siku zingine zaidi. Kama huna dakika hizo, usijibebeshe. Agano Jipya peke yake, sura moja Jumatatu hadi Ijumaa, linaisha katika wiki 52 kamili, na Jumamosi na Jumapili zinabaki za kurudia ulichosoma. Hiyo ndiyo ratiba ninayompa mtu anayeanza, naye aanze na Marko, sura 16 tu, kabla ya kwenda kwa Mathayo.

Wengi huanza Mwanzo tarehe mosi Januari na kwenda mbele moja kwa moja. Mwanzo ina sura 50, Kutoka 40, kwa hiyo kabla Januari haijaisha wameshaingia Walawi, na hapo ndipo wengi wanaachia njiani: sadaka za kuteketezwa, ukoma, mafuta ya figo. Sisemi Walawi irukwe. Mimi mfanyabiashara naipenda mno sura ya 19, inayoamuru mizani ya haki na vipimo vya haki, na masazo ya shamba aachiwe maskini na mgeni. Nikisimama Kongowea napimiwa mbaazi, sura hiyo naiona mbele yangu. Lakini Walawi isomwe ikiwa na mwenzake. Chagua ratiba inayochanganya: kipande cha Agano la Kale, kipande cha Injili au nyaraka, na Zaburi. Siku ambayo sheria za makuhani zimekuwa nzito, Injili inakushika mkono.

Ratiba ya aina hiyo inayojulikana zaidi ilitungwa mwaka 1842 na Robert Murray M'Cheyne, mchungaji kijana wa Dundee, Uskoti, kwa ajili ya washarika wake. Ina masomo manne kwa siku, na kwa mwaka unapita Agano la Kale mara moja, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Ni nzuri, ila ni ndefu kwa mama mwenye watoto wadogo. Nashauri uigawe: masomo mawili kwa siku, umalize kwa miaka miwili. Zaburi nazo zina njia yake ya kale; Kitabu cha Sala cha Kianglikana huzigawa zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni.

Kama wewe ni Mkatoliki, kanisa limeshakupangia. Masomo ya Misa za Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu na ya siku za kazi kwa miaka miwili, kuanzia Majilio, majuma ya kungojea Krismasi. Tafuta kalenda ya liturujia, na Biblia yako iwe yenye vitabu 73.

Sasa kitabu cha ibada chenyewe, kile chenye tafakari ya kila siku, na hapa naomba unisikilize sana, maana ndipo watu wanapolishwa upepo. Ukiwa dukani, kabla ya kulipa, fungua ukurasa wowote, uangalie mstari uliotumika, kisha usome sura nzima katika Biblia. Je, mwandishi anasema linalosemwa na sura, au ameazima mstari mmoja kupamba maneno yake? Jaribu Yeremia 29:11, mstari unaopendwa sana, wa mawazo ya amani na tumaini. Ule ni wa barua iliyopelekwa kwa watu waliohamishwa utumwani Babeli, na mstari wa 10 umetaja miaka sabini. Mwandishi akiutumia kukuahidi gari mwezi ujao, rudisha kitabu. Jaribu pia Wafilipi 4:13, "Nayaweza mambo yote". Mistari miwili iliyotangulia Paulo anasema amejifunza kuridhika, kushiba na kuona njaa. Kitabu kitakachokuonyesha njaa ya Paulo pamoja na nguvu zake, hicho nunua.

Angalia pia kama kina siku za huzuni. Mwaka una misiba, na kitabu cha ushindi tu kila ukurasa kitakuacha peke yako ukitoka mazishini. Tazama kama kinagusa Maombolezo, Ayubu, Zaburi ya 88. Na urefu wa tafakari usizidi urefu wa Neno lenyewe. Ukiwa na dakika kumi, sita ziwe za Biblia.

Lugha ni jambo la moyo. Mmisionari Mjerumani Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 alianza mapema kutafsiri Mwanzo kwa Kiswahili, hivyo kusoma kwa lugha yetu hapa si jambo la jana. Mimi nimelelewa na Biblia ya Union ya 1952, na maneno yake ndiyo ninayoombea. Lakini msichana wangu wa shule anaelewa haraka zaidi kwa tafsiri ya Habari Njema, nami simlazimishi. Ukiweza, weka zote mbili mezani. Nunua yenye herufi kubwa. Stima zikipotea utashukuru.

Simu inasaidia, siikatai. Programu ya YouVersion ni bure, ina Biblia za Kiswahili na ratiba nyingi. Pakua toleo unaloweza kusoma bila bando, kisha zima data kabla ya kuanza, la sivyo ujumbe wa makundi utakuingilia katikati ya Isaya.

Ukipitwa na siku tatu au wiki, usikae kulipa viporo. Fungua somo la leo, endelea. Uliyoruka utakutana nayo mzunguko ujao.

Na usingoje Januari. Mithali ina sura 31, mwezi hauzidi siku 31. Wakati bado unachagua, soma sura yenye namba ya tarehe ya leo, andika mstari mmoja uliokugusa kwenye daftari, na kesho usome inayofuata. Ukifika mwisho wa mwezi utakuwa umeshajua saa yako ni ipi, na dukani utakwenda ukijua unachotafuta.