Kabla ya kupeleka hundi benki Marekani: saa za sheria na udhuru wa benki

Anayelipwa kwa hundi Marekani, iwe mshahara, kodi ya mpangaji au ujira wa kibarua, aanze kwa kutazama tarehe. Hundi ya kawaida ikipita miezi 6, benki ya aliyeiandika hailazimiki kuilipa. Inaweza kuilipa ikipenda, ila huna nguvu ya kuidai. Hundi za Hazina ya serikali kuu, kama zile za marejesho ya kodi, zina mwaka 1.

Uliza pia benki yako inafunga hesabu za siku saa ngapi. Sheria inairuhusu kuzifunga kuanzia saa nane mchana, na kinachofika baadaye huhesabiwa cha siku ya kazi inayofuata. Kwa hiyo hundi ya Ijumaa jioni huenda ikaanza safari Jumatatu, au Jumanne kama Jumatatu ni sikukuu. Anayeweka kwa kupiga picha na simu asome masharti ya benki yake, maana ratiba huwa tofauti.

Kwa hundi ya kawaida iliyopelekwa dirishani, Kanuni CC ya Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, inataka dola 275 za kwanza zipatikane siku ya kazi inayofuata (kiwango cha tangu Julai 2025), na zilizobaki kwa kawaida siku ya pili ya kazi. Benki inaweza kuzuia zaidi kama akaunti haijatimiza siku 30, kama umeweka zaidi ya dola 6,725 kwa siku moja, au kama ina sababu ya msingi kushuku kwamba hundi haitalipwa. Ikizuia, idai notisi ya maandishi yenye tarehe ya kufunguliwa.

Lakini fedha kuonekana kwenye akaunti hakumaanishi hundi imelipwa. Hapo ndipo matapeli wanapopata riziki: mtu anajifanya kununua gari lako, anatuma hundi iliyozidi bei, kisha anakuomba umrudishie kilichozidi. Hundi ikirudi, benki inakata kwenye akaunti yako, na mnunuzi haonekani tena.

Kuna saa nyingine usiyoiona, ya benki inayotakiwa kulipa. Kwa sheria za biashara za majimbo, benki hiyo ina hadi usiku wa manane wa siku ya kazi inayofuata kuirudisha hundi. Ikipitisha muda huo, deni la hundi huwa lake, hata kama akaunti ya mteja wake haina senti. Ndiyo maana benki zilizochelewa hukimbilia udhuru. Udhuru upo kweli: kompyuta au mawasiliano kukatika, mitambo kuharibika, vita, dharura, benki nyingine kusimamisha malipo. Ila benki lazima ionyeshe kwamba ilijitahidi kadiri hali ilivyotaka.

Mahakama zimeupima udhuru huo. Benki moja ya jimbo la Oklahoma ilihamia kwenye kompyuta Desemba 1969, na mashine ikagoma siku hiyohiyo ya kwanza. Ilikimbilia kompyuta ya akiba mji mwingine, na mahakama ikaupokea udhuru wake. Benki ya Kentucky, Krismasi ya 1973, ilisingizia mashine mbovu na wingi wa hundi za sikukuu. Ikabainika kuwa kazi ilimalizika, lakini wahasibu waliziacha hundi mezani hadi kesho yake. Ilishindwa kwenye rufaa. Kwa maoni yangu ilistahili.

Septemba 2001 ndege zilipozuiwa kuruka baada ya mashambulizi ya kigaidi, hundi za karatasi zilikwama viwanjani nchi nzima. Tangu Oktoba 2004 sheria inakubali nakala iliyochapishwa kutokana na picha ya hundi iwe na nguvu ya hundi yenyewe, kwa hiyo ukiambiwa leo “hundi bado iko njiani”, uliza iko wapi hasa.

Kabla ya kuondoka dirishani, piga picha pande zote mbili za hundi na utunze risiti yenye saa. Kama ni hundi ya mtu wa tatu aliyekusainia nyuma, usiikalishe: katika majimbo mengi, ikipita siku 30 tangu asaini bila kuwekwa benki au kudaiwa malipo, yeye huachiliwa na wajibu wa kukulipa hundi ikirudi. Na anayeipigia benki yake simu isilipe hundi aliyoiandika athibitishe kwa maandishi ndani ya siku 14, la sivyo zuio linakufa.