Ni kunyooshwa kwa fuwele au ni oksijeni? Namna ya kupima utando wa oksidi

Utando wako mwembamba wa manganiti (oksidi ya manganisi yenye usumaku) ukipoteza usumaku mapema kuliko ulivyotarajia, usikimbilie kusema umenyooshwa na bamba ulilouotesha juu yake. Oksijeni ikipungua ndani ya fuwele, dalili huwa karibu zilezile. Wanafunzi wangu hapa Kampala nawabana sana kwa hili: watenganishe mambo hayo mawili kwanza, ripoti baadaye.

Anza na La0.7Sr0.3MnO3, manganiti yenye lanthanamu na strontiamu. Usumaku wake hupotea kwenye kelvini 370 hivi, yaani nyuzi 97 za Selsiasi, na ukinzani wake hufikia kilele karibu na hapo. Kwa hiyo huhitaji heliamu ya kimiminika ya kupoza sampuli; jiko la umeme la maabara linatosha.

Kisha piga hesabu. Chumba kimoja cha fuwele yake, yaani kipande kidogo kinachojirudia, kina upande wa karibu nanomita 0.3876. Bamba la SrTiO3 lina 0.3905, hivyo utando utanyooshwa kwa kama asilimia 0.7 na kimo chake kitapungua. Bamba la LaAlO3 lina 0.379: hapo utabanwa kwa zaidi ya asilimia 2, na kimo kitaongezeka.

Sasa eksirei. Ukitumia mashine yenye mrija wa eksirei wa shaba, kilele cha 002 cha SrTiO3 (mwakisiko unaoonyesha kimo cha chumba cha fuwele) kiko kwenye pembe ya nyuzi 46.5. Cha utando ulionyooshwa barabara hukaa kulia kwake, karibu 47.2. Kikiwa 46.8, yamkini utando umelegea na kurudia umbo lake la asili. Kikishuka chini ya hapo, shuku oksijeni, maana upungufu wake huvimbisha fuwele. Juu ya LaAlO3 mbano na upungufu huo vyote huongeza kimo, huwezi kuvitofautisha kirahisi. Ndiyo maana nasisitiza SrTiO3 iwe ya kwanza.

Choma sampuli upya kwa saa kadhaa kwenye nyuzi 700 za Selsiasi, oksijeni ikipita. Kilele kikihamia kulia na joto la kupoteza usumaku likipanda, tatizo lilikuwa oksijeni. Umeme ukikatika katikati, usifungue tanuri. Acha gesi iendelee kupita mpaka lipoe.

Kwa ukinzani, mimi hubandika sampuli kwenye kipande cha alumini alichonichongea fundi wa Katwe, chenye tundu la themokapo (waya wa kupimia joto) ubavuni. Nyaya nne nyembamba za shaba hushikwa kwa gundi ya fedha, zikiwa kwenye mstari mmoja. Pitisha mkondo kwenye mbili za nje, soma volti kwenye mbili za ndani. Geuza mwelekeo wa mkondo kila unaposoma, uchukue wastani, kwa sababu viungo visivyo na joto sawa huzalisha volti yake. Pandisha joto nyuzi moja kwa dakika. Mchoro wa kupanda usipolingana na wa kushuka, unakwenda mbio mno.

Pima pia bamba tupu lililopitia tanuri lilelile. SrTiO3 ikipoteza oksijeni hupitisha umeme, nawe utadhani ni utando.

Usishangae kunyooshwa au kubanwa nako kukishusha joto la kupoteza usumaku. Clarence Zener alieleza mwaka 1951 kwamba elektroni huruka kutoka manganisi hadi manganisi kupitia oksijeni, kwa urahisi zaidi pale sumaku za atomu zinapoelekea upande mmoja. Njia hiyo moja hubeba umeme na usumaku pamoja. Umbo la fuwele likipotoka, kwa kunyooshwa au kubanwa, makazi ya elektroni hugawanyika na mruko hudhoofika.

Ukipata mashine ya kupima usumaku, pima pande mbili: juu ya SrTiO3 usumaku hupenda kulala ndani ya utando, juu ya LaAlO3 huelekea kusimama wima.